Dirisha Kabla ya Moto

Munyaka, Eldoret
14 Mei 2025

Mama mpendwa,

Mirembe, amani iwe hapo nyumbani. Najua ukiona barua utashtuka, udhani nimefukuzwa nyumba. Niko sawa. Naandika kwa sababu simu yako, tangu ianguke kwenye ndoo ya maziwa, inasikika kwa spika peke yake, na kila nikikupigia boma zima linakaa chini kunisikiliza. Mara ya mwisho nilikuwa nakueleza habari za tumbo langu, nikasikia sauti ya Mjomba Mulongo ikiniambia ninywe maji ya moto. Kwa hivyo barua hizi nitampa Chelimo wa pikapu ya maziwa, na wewe unijibu kwa mkono wake.

Ndani ya bahasha kuna kitabu. Ni changu, Mama. Jina ulilonipa la Nanzala liko kwenye jalada kwa herufi kubwa. Aliyekichapisha ni Gikonyo, mwenye duka la kadi za harusi na programu za mazishi. Anasema ni kazi yake ya kwanza isiyo na maiti wala bibi harusi.

Ni katuni. Inaitwa *Rispa wa Ukungu*. Uliponieleza vile mahindi yenu yamegeuka manjano, kumbe magunia mliyonunua kwa Wesonga yalikuwa na mchanga uliopakwa rangi ya mbolea, nilikasirika nikakosa pa kupeleka hasira. Nikaipeleka kwa kalamu. Rispa ni mwanamke wa kupima mahindi kwenye depo. Akipumua kwa nguvu, ukungu unatanda na hakuna anayemwona. Basi anawaibia wezi.

Lakini usitafute mtu mzuri humo ndani. Vingine anavyoiba anaviweka. Anamdanganya mtoto wake kila siku. Katuni nyingi nilizosoma nikiwa mdogo, mwanamke alikuwa wa kuokolewa ama alikuwa shetani. Mimi nilitaka wa katikati, mtu wa kukuchanganya kichwa.

Ukurasa wa mwisho hauna neno hata moja. Ni visanduku vinne tu, viwili juu na viwili chini. Gikonyo alilalamika kwamba watu watapotea. Nikamwambia picha zinajisemea.

Usimwonyeshe pasta.

Binti yako,
Nanzala


Chepsaita
21 Mei 2025

Kwako Nanzala,

Salamu kutoka kwangu, kutoka kwa ng'ombe, na kutoka kwa kuku wako yule mweupe ambaye ulisema nisimchinje. Bado yuko, lakini asijisifu.

Nimesoma kitabu chako mara tatu. Mara ya kwanza nilitafuta makosa. Mara ya pili nilimtafuta baba yako, nikaona umempa yule karani mrefu pua yake, Mungu amlaze pema. Mara ya tatu nilisoma kwa raha. Sasa kinazunguka kwa akina mama wa umoja wetu, kila mmoja analala nacho siku moja. Pasta alikipata kwa mke wake, kwa hivyo hilo limeshaharibika.

Huyo Rispa nimempenda. Si mtu wa kanisa, lakini ana akili. Hasa pale mwisho. Amefika kwa stoo ya yule mwizi na mtungi wake wa mafuta taa, ana hasira kama sisi, lakini hakukurupuka. Aliangalia dirishani kwanza, akamwona mlinzi amelala juu ya magunia. Baadaye ndiyo moto. Na mwishowe yuko na huyo mlinzi nje wanakunywa chai, kwa maana alimwamsha. Nilimwambia mama Jebet, huyu ni mwanamke anayejua kutofautisha mwizi na mfanyakazi wa mwizi.

Huku hali ni mbaya. Mahindi yamefika magotini na yamekwama hapo. Tulienda kwa Wesonga sisi akina mama wote, akatuambia udongo wetu ndio umechoka, tuombe Mungu. Alisema hivyo akichokonoa meno. Mjomba wako Mulongo alikuwa amesimama mlangoni na rungu lake la ulinzi, akiangalia chini kwa aibu. Ndugu yangu hana raha na kazi hiyo, lakini akiiacha atakula nini?

Nitumie nakala nyingine. Hii itarudi bila jalada.

Mama yako,
Kavetsa


Munyaka
25 Mei 2025

Mama,

Nimefurahi mpaka nimemsomea Gikonyo barua yako, ile sehemu ya kuku na yote. Lakini kuna kitu sielewi.

Rispa hakuangalia kwanza. Hapo ndipo hadithi yote ilipo! Alichoma kwanza. Moto ukiwa umeshika ndipo alipoona mlinzi kupitia dirisha. Akaingia akamtoa. Na mlinzi hajui ni nani aliyewasha, kwa hivyo anamshukuru, anamfungulia thamosi yake na kumpa chai. Na Rispa anakunywa, Mama. Anakunywa chai ya mtu ambaye yeye mwenyewe nusura amchome bila kujua. Nilikaa wiki mbili na uso wake kwenye kile kisanduku, nikimchora nikifuta.

Sasa wewe unaniambia ni mtu wa busara aliyemwamsha mlinzi. Wapi? Ni ukurasa gani umeona akimwamsha? Nimefungua kitabu changu nikahakikisha Gikonyo hakubadilisha picha. Hakubadilisha.

Na jambo lingine. Uliandika "ana hasira kama sisi". Hiyo "sisi" imeninyima usingizi. Ni katuni tu, Mama. Mtu anapumua ukungu. Akina mama wa umoja wasije wakafikiri nimewatumia maagizo. Tafadhali msifanye kitu.

Nanzala


Chepsaita
30 Mei 2025

Nanzala,

Usinifundishe kusoma. Nilikuwa katibu wa umoja kabla wewe hujaota meno. Baada ya barua yako niliwaita mama Jebet na wengine wawili, kila mtu akafunika mdomo wake na kusoma ukurasa wa mwisho peke yake, ili mmoja asimwambukize mwingine. Wote wamesema kama mimi. Mtungi, dirisha, moto, chai. Mama Jebet alifuata kwa kidole: mwanamke na mtungi, ukishuka chini yake mlinzi amelala, halafu unarudi juu upande wa pili, moto, unashuka, chai. Iko wazi. Labda wewe uliyechora ndiye umesahau ulichochora. Mzazi pia husahau.

Hatufanyi kitu. Sisi ni wamama, tutafanya nini? Tumekwenda kwa chifu, chifu akasema tulete ushahidi. Tukampelekea gunia, akasema gunia si mtu haliwezi kusema.

Wesonga ameleta lori lingine. Ni magunia yale yale, tofauti ni kamba ya kushonea. Anataka kuwauzia watu wa Cheptiret ambao hawajasikia habari zake, wanaotafuta mbolea ya pili sasa hivi. Wale watu nao wana watoto. Nikiwaza hilo nakaza kalamu mpaka inatoboa karatasi, ndiyo maana mwandiko wangu leo ni mbaya.

Stoo imejaa mpaka juu. Jumapili hakuna mtu pale, hata Mulongo huwa kanisani kwa kwaya, si unajua bila yeye sauti ya nne hakuna.

Kula vizuri. Mboga za mrenda ziko Munyaka pia, usiseme hakuna.

Mama yako,
Kavetsa


Munyaka
3 Juni 2025

Mama,

Nimeelewa! Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Mmesoma kama Biblia. Biblia ina safu mbili, unashuka upande wa kushoto mpaka chini, halafu unarudi juu upande wa kulia. Katuni haisomwi hivyo. Unakata ukurasa: kushoto kwenda kulia juu, halafu kushoto kwenda kulia chini. Kwa hivyo ni mtungi, *moto*, dirisha, chai. Ona sasa. Soma tena na kidole chako kiende kando, kisishuke. Utaona alichoma bila kuangalia. Si mwerevu, Mama. Ana hasira tu, na bahati.

Nikakumbuka kwamba wewe na akina mama wote mmejifunza kusoma kwa Biblia na kitabu cha nyimbo, na mimi nilijifunzia kwa magazeti ya zamani uliyofungia sabuni. Nyumba moja, kusoma kuwili. Sijui nilidhani mtajuaje.

Gikonyo anasema aliniambia. Anataka toleo la pili tuweke namba ndogo kwenye kila kisanduku.

Sasa nikirudi kwa barua yako. Mbona uliniandikia kwamba Jumapili hakuna mtu kwa stoo? Nani alikuuliza? Mama, hasira ni hasara, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Nijibu upesi.

Nanzala


Chepsaita
10 Juni 2025

Mwanangu Nanzala,

Tuko salama. Nianze na hapo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Stoo ya Wesonga iliungua Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Imeungua yote. Mulongo alikuwa ndani. Jino lilimsumbua usiku kucha, kwa hivyo hakwenda kwaya, akalala pale pale kazini. Yuko hapa kwangu sasa, anakunywa chai kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuungua popote.

Polisi walikuja. Mulongo aliwaambia kwamba aliwasha jiko achemshe maji ya chumvi ya kusukutua jino, usingizi ukamshika, jiko likapinduka. Akasema mimi nilikuwa nimetoka ibadani kwenda kuangalia chai ya wageni, nikaona moshi, nikaingia nikamvuta nje. Wameandika hivyo. Jana jioni kulikuwa na maombi ya shukrani, pasta akanisimamisha mbele, watu wakanipigia makofi.

Magunia yote yameisha. Watu wa Cheptiret hawatauziwa.

Barua yako ya tarehe tatu nimeipata jana. Pikapu ya Chelimo ilivunjika gia, ikakaa gereji tangu siku uliyompa, na bahasha yako ikiwa ndani. Nimeisoma. Nimesoma na ukurasa tena vile umesema, kidole kikienda kando. Kumbe.

Sina mengi.

Mama yako,
Kavetsa


Munyaka
13 Juni 2025

Mama,

Nilikupigia nikiwa bado nimeshika barua. Ukaniambia mbele ya boma zima kwamba Mungu ni mwema, na Mjomba akakohoa nyuma yako, na mama Jebet akaniuliza kama toleo la pili limetoka. Nikakata simu bila kujua nilichosikia.

Mjomba hana jiko. Nimempelekea chakula kwenye stoo ile tangu nikiwa darasa la sita. Wesonga alikataza hata sigara. Ndiyo maana Mjomba hubeba thamosi, na ndiyo maana nilimchorea mlinzi wa Rispa thamosi. Uso ule ni wake, Mama. Nilidhani utaona, kama ulivyoiona pua ya Baba.

Sijui nihisi nini. Asubuhi nina hasira na wewe, mchana nina hasira na Wesonga, jioni najichukia mimi kwa kuchora mtungi ule. Watu hapa mjini walionunua kitabu wananiambia Rispa ni noma, wanampenda kwa sababu ni mbaya. Mimi pia nilimpenda kwa sababu hiyo. Ilikuwa rahisi kumpenda akiwa wa wino. Sasa nikimwangalia naona leso yako, na sijui kama nataka kukukumbatia ama kukuuliza wewe ni nani.

Gikonyo ananingoja na namba zake. Mashine iko tayari, karatasi amekata. Anasema andika tu moja, mbili, tatu, nne. Nimekaa na kalamu, nimeshindwa. Nikiandika namba, nitaandika za nani?

Nakuuliza kitu kimoja tu, na usinijibu kwa simu. Uliangalia dirishani kabla, ama baada?

Nanzala


Chepsaita
17 Juni 2025

Nanzala mwanangu,

Barua hii ukimaliza iwashie jiko. Najua hutaiwasha, wewe ni mtu wa kuweka vitu, lakini nimesema.

Sitakuambia habari zangu. Nitakuambia habari za yule Rispa wako, kwa sababu alipita huku Chepsaita.

Alitoka kanisani wakati wa matangazo, akasema anaenda kuangalia chai. Mtungi alikuwa ameuficha kwenye mahindi tangu Ijumaa, mahindi yale yale mafupi, ilibidi aulaze ndio usionekane. Ukungu haukuwepo. Jua lilikuwa linawaka, na mtu yeyote angepita angemwona, mwanamke mzima na leso ya umoja kichwani. Hana nguvu zozote, huyo wa huku. Ni magoti tu, nayo yanauma.

Alimwaga mafuta mlangoni. Akatoa kibiriti. Alikuwa na hakika hakuna mtu ndani, mwanangu. Angeapa. Alikuwa ameshashika kijiti kati ya vidole, na kitu kikamwambia, yule wa kitabu aliangalia. Kushoto, chini ya mtungi, kuna dirisha. Si kwamba aliogopa. Alifuata tu ukurasa, vile mtu hufuata mistari ya wimbo bila kufikiri. Akazunguka nyuma, akasimama juu ya tofali, akaangalia.

Mlinzi alikuwa amelala juu ya magunia, kitambaa kimefungwa shavuni, viatu vimepangwa kando.

Rispa alikaa chini ya lile dirisha kwa muda. Halafu akagonga.

"Kavetsa, ni nini?" mlinzi akauliza. Nimeandika jina vibaya, lakini sifuti, kalamu hii ikifutwa inachafua.

"Toka, Mulongo. Chukua viatu zako utoke."

Alitoka. Akanusa mafuta, akaona kibiriti, akamwangalia usoni. Alirudi ndani, akachukua thamosi yake, koti lake na rungu, akasimama ng'ambo ya barabara kama mtu anayengoja gari.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo wewe na mimi tunaweza kudanganyana. Mwanamke mzuri angerudi kanisani na kibiriti chake. Alikuwa amepewa nafasi. Huyu alichoma. Alimwona ndugu yake akiwa hai, akashukuru Mungu, na akachoma. Baadaye wakakaa kando ya ua wakanywa chai ya thamosi, na yeye hakumwaga hata tone. Mpaka leo hajui kama ajutie. Akiwaza Wesonga na meno yake, hajuti. Akimwona mlinzi, anajuta.

Kwa sababu habari ya jiko mlinzi aliitunga mwenyewe, polisi wakiwa wanashuka kwenye gari. Hakumwomba. Wesonga amemfukuza na kumwambia hatapata kazi ya ulinzi tena kuanzia Turbo mpaka Eldoret. Watoto barabarani wanamwita Mulongo wa Jiko. Amelinda miaka yote hiyo bila kusinzia usiku hata mmoja, na sasa jina lake ni hilo. Nilimwambia nitaenda kusema ukweli. Akasema, "Wewe uliniamsha. Nyamaza." Tangu siku hiyo nimenyamaza, na sijui kama ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Kila asubuhi naamka na jibu jipya.

Uliuliza kabla au baada. Kabla. Lakini Nanzala, barua yako ya kunifundisha kusoma ilikuwa gereji. Kama pikapu ingekuwa nzima, ningeipata kabla ya Jumapili. Ningejua kwamba kwenye kitabu cha mwanangu mtu huchoma kwanza na kuangalia baadaye. Ningecheka, ningesema kumbe, na ningeenda pale na kidole changu kikienda kando. Hilo ndilo linaloniamsha, wala si polisi.

Namba weka unazotaka. Kitabu ni chako. Ukiweka za kwako, walio na macho ya mjini watakuelewa. Ukiweka zangu, Gikonyo atasema Rispa amekuwa mtu mzuri. Mwambie bado amechoma stoo ya mtu, huo ubaya unatosha.

Lakini hadithi haiishii kwenye chai, hapo ulikosea, na mimi pia nilikosea nilipofurahia. Ongeza kisanduku cha tano, chini kabisa, kichukue upana wote wa ukurasa, ili hata anayesoma kwa kushuka na anayesoma kwa kukata wote wafike hapo mwisho. Chora kanisa. Watu wamesimama wanapiga makofi. Mlinzi yuko mstari wa nyuma, shavu limevimba, na anapiga makofi kuliko wote. Rispa amesimamishwa mbele na pasta.

Mchore akiangalia viatu vyake. Usimchore akitabasamu, kwa maana hakutabasamu.

Mama yako,
Kavetsa